Utafiti ambao hakuna aliyeruhusiwa kuuona

Wasomaji wengi wa Harry Potter ukiwatajia Idara ya Mafumbo, kitengo cha siri cha Wizara ya Uchawi, hukumbuka usiku mmoja tu, ule wa Juni 1996: vijana sita wanakimbizwa, rafu za mipira ya kioo yenye utabiri zinaporomoka, na Sirius Black, baba wa ubatizo wa Harry, anaanguka nyuma ya pazia asirudi tena. Wana haki, maana sura hizo za kitabu cha tano zinaumiza. Mimi idara hiyo inaniuma kwa jambo jingine, ambalo limepita kwa mistari michache katika kitabu cha saba na halizungumzwi inavyostahili: utafiti uliotangazwa kwa jina lake ili kuwahukumu raia.

Niseme kwanza kwamba kazi yenyewe naiheshimu. Chini ya London, karibu na mwisho kabisa wa lifti ya Wizara ya Uchawi, kuna watu wanaolipwa mshahara kushughulika na maswali yanayomkosesha usingizi kila binadamu. Chumba kimoja kina sayari zinazoelea gizani. Kingine kina tangi la maji ya kijani lenye bongo ndani yake. Kingine kimeshuka kwa ngazi za mawe pande zote, na katikati limesimama tao kuukuu lenye pazia linalopepea pasipo upepo. Harry na Luna wanasikia watu wakinong'ona upande wa pili. Katika chumba cha wakati kuna mtungi wa kioo ambamo kijiyai kinapasuka, ndege mdogo mno anatoka, anapanda juu na mkondo wa hewa, kisha akishuka manyoya yanalowa na anafungiwa tena ndani ya yai. Anazunguka hivyo bila kukoma. Ginny Weasley alitaka kusimama kumtazama, Harry akamhimiza waendelee, na ningekuwa yeye ningetaka kusimama vilevile.

Halafu kuna mlango usiofunguka. Kisu alichopewa Harry na Sirius, chenye uwezo wa kufungua kufuli lolote, kiliyeyuka pale pale. Baadaye Dumbledore, mkuu wa shule yao, anamweleza Harry kwamba ndani ya chumba hicho imehifadhiwa nguvu ya ajabu na ya kutisha kuliko mauti, nguvu ambayo yeye Harry anayo tele na Voldemort, mchawi mwovu aliye adui yake, hana hata chembe. Msomaji anaelewa kuwa ni upendo. Wizara ambayo mara nyingi tunaiona ikihangaika na vibali na mashauri ilitenga chumba kizima kwa ajili ya upendo. Hilo nalipenda sana.

Tatizo langu ni usiri. Watafiti wa huko, ambao hapa nitawaita Wasionena, hawaruhusiwi kumweleza mtu yeyote wanachofanya. Arthur Weasley, mtumishi wa muda mrefu wa wizara hiyohiyo, anawaonyesha watoto Wasionena wawili kwenye Kombe la Dunia la Quidditch, mchezo wa wachawi, nao ni Bode na Croaker, na kukiri kwamba hana habari kazi yao ni nini. Wala hatuonyeshwi bunge, kamati au mkaguzi yeyote anayeweza kuwaita na kuwauliza.

Mtetezi wa idara atasema siri ilihitajika. Vigeuza-wakati, vifaa vya kumrudisha mtu nyuma katika wakati, vikienea mitaani ni balaa, na utabiri ukifika kwa adui ni hatari. Hoja hiyo ingekuwa na uzito kama siri ingewazuia maadui. Haikuwazuia. Augustus Rookwood alikuwa Msionena na alikuwa jasusi wa Voldemort, akiendesha mtandao wa watoa habari ndani ya wizara na nje yake. Ludo Bagman, mmoja wa waliompelekea Rookwood habari, alipokamatwa alijitetea kwamba alimdhani mtu wa upande wao, na mahakama ikamwachia. Na Rookwood huyohuyo, baada ya kutoroka Azkaban, gereza la wachawi, ndiye aliyemweleza bwana wake kwamba mpira wa utabiri, kama ule uliomhusu Voldemort na Harry, huweza kuchukuliwa tu na wale wanaotajwa humo. Voldemort akajua. Harry, ambaye jina lake liliandikwa chini ya mpira ule katika safu ya 97, hakuwa amejulishwa hata kwamba upo. Sheria ilimpa yeye haki ya kuushika, na hakuna aliyemwambia. Aliyemvuta hadi kwenye rafu ni adui yake, kwa ndoto ya uongo.

Siri hiyo haikuwalinda hata waliotakiwa kuitunza. Bode alilazimishwa kwa laana ya Imperius, inayomtiisha mtu kwa mwingine, aibe utabiri huo, na kinga zilizouzunguka zikamvuruga akili. Alilazwa St Mungo's akijiona birika la chai. Alipoanza kupata nafuu, akaletewa chipukizi la mmea unaonyonga watu, limevalishwa sura ya ua la kawaida la kwenye chungu, likamuua kitandani. Gazeti liliita yaliyompeleka hospitali ajali ya kazini. Ajali gani, kazi gani, hakuna aliyekuwa na ruhusa ya kueleza.

Sasa tufike 1997. Wizara imeanguka mikononi mwa watu wa Voldemort, na gazeti la Daily Prophet linatangaza kwamba wachawi wote waliozaliwa na wazazi wa kawaida waje kuhojiwa. Sababu inayotolewa ni utafiti wa hivi karibuni wa Idara ya Mafumbo: eti umebainisha kuwa uchawi hupatikana kwa kuzaliana tu, hivyo asiye na ukoo wa kichawi huenda ameupata kwa wizi au kwa mabavu.

Ron Weasley, rafiki wa Harry, kijana wa miaka 17, anaubomoa utafiti huo papo hapo: kama uchawi unaibika, mbona wapo watoto wa wachawi wanaozaliwa bila uchawi na kufa bila uchawi? Si wangeuiba? Lupin, aliyewahi kuwa mwalimu wao, anakubali kwamba ni upuuzi, na anawaambia kwamba pamoja na upuuzi wake unatumika.

Kitabu hakisemi kama kuna Msionena aliyeufanya utafiti huo kweli, kama alilazimishwa, au kama mtu aliandika tu jina la idara juu ya karatasi tupu. Kwa raia, yote matatu yalikuwa sawa. Nani aliutafiti? Aliwachunguza wachawi wangapi? Daftari liko wapi? Kwa vizazi vingi watu walikuwa wamezoeshwa kwamba idara hiyo haiulizwi, basi siku uongo ulipotoka kwa jina lake, hapakuwa na mtu mwenye mazoea ya kuuliza wala ofisi yenye wajibu wa kujibu. Ndiyo maana siwezi kuuita usiri huo tahadhari. Umbridge, ofisa wa wizara aliyesimamia mahojiano hayo, aliukuta umeshatengenezwa, akautumia.

Kesi zenyewe zilisikilizwa hatua chache tu kutoka hapo. Ukishuka ngazi zilizo kwenye korido ileile ya Idara ya Mafumbo, unafika kwenye vyumba vya mahakama. Huko tunamwona Mary Cattermole, mama wa watoto watatu, amefungwa minyororo kitini huku Dementor, viumbe wanaonyonya furaha ya mtu, wamesimama pembeni. Wazazi wake ni wauza mboga. Imeandikwa kwenye fomu aliyojaza. Umbridge anamuuliza fimbo yake ameichukua kwa mchawi gani. Mary analia na kusema hakuichukua kwa mtu, aliinunua akiwa na miaka kumi na mmoja, fimbo ikamchagua. Umbridge anacheka. Wanaotajwa kuwa wamethibitisha kwamba mama huyu ni mwizi wako ghorofa moja juu yake, na hakuna hata mmoja anayeshuka kutoa ushahidi, kwa kuunga mkono au kwa kukana.

Simtaki mtu avunje ule mlango uliofungwa, wala vigeuza-wakati vigawiwe kama peremende. Vitu vya hatari na vifungiwe. Lakini matokeo ya utafiti unaotumika kumhukumu raia lazima yawe wazi, yawe na jina la aliyeyafanya, na wataalamu wa nje waweze kuyarudia.

Baada ya vita Kingsley Shacklebolt alishika Uwaziri wa Uchawi, mtu ninayemwamini kuliko wote waliomtangulia kitabuni. Ningependa kazi yake ya kwanza iwe kuwaita Wasionena wote waliobaki mbele ya umma, mmoja mmoja, aulizwe kila mtu kama alishiriki utafiti ule, na kama haukuwepo, aulizwe kwa nini alinyamaza mwezi baada ya mwezi akipishana koridoni na watu waliokuwa wakipelekwa Azkaban.