Kidumbaki cha uani: kukataa kamera si kuua utamaduni

Mgeni akija Unguja na kamera yake, anataka kutengeneza filamu kuhusu muziki wetu, taarabu ya jukwaani ataipata bila tabu. Viti vimepangwa, mafundi wamevaa suti, atapiga picha mpaka achoke. Ugomvi huanza anapotaka kidumbaki, muziki wa harusi za mtaani, tena kidumbaki chenyewe cha shughuli: ngoma mbili ndogo, sanduku, fidla, mkwasa (vijiti vya kugonganisha) na cherewa za kutikisa, jamvi limetandikwa uani Ng'ambo, mitaa ya mjini iliyo nje ya Mji Mkongwe, wanawake wamejaa, na mlango wa ua umezibwa kwa kanga. Hapo ataambiwa hapana. Na hapana hiyo ikishatoka, wasomi wetu huanza kulalamika kwamba bibi fulani kwa ujinga wake anazika urithi wa Zanzibar.

Nimeyasikia malalamiko haya kwa miaka mingi, na wengi wanaoyasema ni watu ninaowaheshimu. Hoja yao kubwa inaanzia mbali. Mwaka 1928 mwimbaji wa taarabu Siti binti Saad na wenzake walivuka bahari hadi Bombay kurekodi santuri. Siti alifariki mwaka 1950. Lau hawakupanda chombo kile, leo tungebaki na sifa za sauti yake tu, tunasimuliana kama watu wanaosimulia harufu. Kisha wanakuja kwa Bi Kidude, mwimbaji wa taarabu na unyago, aliyefariki tarehe 17 Aprili 2013. Unyago ni ngoma ya ndani, ya wari na makungwi, na yeye aliibeba ngoma yake kiunoni mpaka kwenye majukwaa ya ughaibuni, akapigwa picha na kutengenezewa filamu. Je, tumepoteza nini? Wanauliza hivyo, na ni haki yao kuuliza. Mimi mwenyewe nikizisikiliza santuri za Siti, simshukuru mtu yeyote kama ninavyomshukuru yule aliyeuweka mkono wake kwenye mtambo.

Wana na hoja ya pili, nayo inauma zaidi. Sanduku lile, boksi la chai lenye fimbo na uzi mmoja, halina wapigaji wengi tena. Harusi nyingi zinakodi spika, au kinanda kimoja kinachofanya kazi ya watu sita. Chuo cha muziki cha DCMA, kilichoanzishwa mwaka 2002, kimejitahidi kufundisha taarabu na kidumbaki, lakini darasani mtu anajifunza kupiga. Hajifunzi shughuli. Kwa hiyo, wanasema, pigeni picha sasa, wazee wangali hai, mtagombana baadaye.

Nakubali yote hayo, na bado nasema yule bibi aliyekataa anaonewa. Anahukumiwa kana kwamba ameficha kitu ambacho kipo tayari, kimekaa, kinangoja kuchukuliwa. Wanaomhukumu hawajauliza kitu hicho kimetengenezwa kwa nini.

Kidumbaki hakianzi kwa kishindo. Pembeni mtu anawasha makaratasi, anazizungusha ngozi juu ya moto mpaka zikaze, anazigonga kwa vidole, anazirudisha. Nyimbo za kwanza ni zile za taarabu ambazo kila mtu anazijua, mwendo wa pole, wageni wakubwa bado wanaulizana hali. Wimbo mmoja unaingia ndani ya mwingine bila kusimama, na mkupuo mmoja unaweza kwenda karibu saa nzima. Kila nyimbo zikizidi kuunganishwa, mwendo unapanda, mkwasa unakaza, na wanawake wanaanza kuinuka mmoja mmoja. Hapo ndipo mwimbaji anapoanza kuchomeka beti ambazo hazimo katika wimbo. Anaona nani amekaa wapi. Anajua nani hasemi na nani. Anajua ni nani alikopa akasahau, mume wa nani anaonekana mtaa gani baada ya isha. Ubeti unatoka umefunikwa: paka, chungu, mti wa mpaka, nazi mbovu. Na wimbo ukifika pale panapotakiwa, mtu anainuka kutunza. Anaikunja noti, anaishika juu ili ionekane, anapita taratibu mbele ya anayetaka aone, ndipo anaitia mkononi mwa mwimbaji. Kisha anarudi kukaa, uso mkavu kabisa.

Naomba msomaji akae kidogo na kitendo hicho cha kutunza, kwa sababu ndicho kinachonifanya niandike. Hakuna neno lililosemwa. Mwimbaji ameimba kuhusu nazi. Mwenye noti amependa wimbo, basi. Aliyepitiwa mbele amefahamu, na waliokaa jirani wamefahamu, na kesho wakikutana sokoni mwenye noti anaweza kusema, "Mimi nilikutaja wewe, shoga? Mimi nilitunza wimbo tu." Na yule wa pili anaweza kukubali kwamba hakutajwa. Wote wawili wanajua ukweli, lakini mlango wa kurudi upo wazi. Kijembe kizima kimejengwa juu ya mlango huo. Ni njia ya watu wanaoishi ukuta kwa ukuta, wanaochota maji bomba moja, kuambiana yasiyoambika bila kufika kwa sheha, mkuu wa mtaa.

Sasa iweke kamera. Filamu inaonyesha noti, inaonyesha nani alipitiwa, inaonyesha jicho lililoinuka na midomo iliyobana. Na kwa sababu mtazamaji wa mbali hafahamu mambo ya nazi, mtengenezaji atatia maandishi chini ya picha, na pengine atamweka mtu kitini amweleze: huyu anamwimba mke mwenzake. Kwa hiyo kilichofunikwa kimefunuliwa, kimetafsiriwa, na kinaweza kurudishwa nyuma na kutazamwa mara mia. "Sikukutaja wewe" haisemeki tena. Wazazi wa pande mbili wanaitana. Ugomvi ambao ungekufa ndani ya mwezi unapata maisha marefu kuliko ndoa yenyewe. Na mwimbaji, ambaye kazi yake ni kuitwa kwenye shughuli nyingine mwezi ujao, anajulikana kuwa mdomo wake una ushahidi.

Wanawake wa uani wanalijua hili bila kuandikiwa. Ndiyo maana kamera ikiingia, wala hawagombi. Wanabadilisha wimbo.

Niliona kwa macho yangu. Miaka kadhaa nyuma nilifanya kazi ya ukalimani kwa watu watatu kutoka Ulaya waliokuwa wakitengeneza filamu ya aina hii. Mwongozaji na mpiga picha walikuwa wanawake, na kwa sababu hiyo mwenye shughuli alikubali waingie. Fundi sauti alikuwa mwanamume, akabaki kichochoroni na mitambo yake. Kabla hatujaingia, mama mmoja mtu mzima alinivuta pembeni. "Mwanangu," akaniambia, "wageni wako tutawapa chai, tutawapa na pilau. Lakini ngoma haitawapa kitu." Nilidhani anawanyima. Alikuwa ananieleza tu.

Taa ndogo ya kamera ilipowaka, mama aliyekuwa akicheza na kanga kiunoni aliifungua, akajitanda, akakaa. Mwingine akamsukuma binti yake nyuma ya nguzo. Mwimbaji alitutazama mara moja, akarudi kwenye nyimbo za mwanzo, zile za watu wote, akaziimba vizuri, kwa sauti safi, moja baada ya nyingine. Hakuna aliyeinuka na noti ila bibi mmoja aliyemtunza bi harusi kwa adabu. Dakika 20, 25. Vigelegele vilikuja pale vinapostahili kuja. Wageni wangu walifurahi sana, na kwa haki yao, kwani picha zilikuwa nzuri: rangi za kanga, vidole vya mpigaji, uzi wa sanduku unavyotetemeka. Hakukuwa na uongo hata mmoja ndani yake, na haikuwa kidumbaki.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaosema afadhali nusu kuliko kukosa. Nusu hii haikai pembeni ikingoja nusu ya pili. Turudi kwa santuri. Upande mmoja wa santuri ya zama zile ulibeba muziki wa dakika 3 hivi, kwa hiyo wimbo uliokuwa ukichezewa usiku, ubeti ukirudiwa kwa kadiri watu wanavyoutaka, ulikatwa utoshe. Baadaye waliojifunza kutoka kwenye santuri walijifunza wimbo uliokatwa, na wakauita wimbo. Siilaumu santuri, nimeshasema ninavyoishukuru. Lakini Siti na wenzake walikwenda Bombay kuimba wanachotaka kisikike. Walichagua. Filamu ya uani itakayoonyesha kidumbaki cha adabu itakuwa ndiyo kidumbaki kwa binti aliyezaliwa Muscat au London, ambaye nyanya yake hakuwahi kumketisha jamvini. Atakiiga hicho. Na mwimbaji kijana wa hapa hapa, akikodiwa na hoteli, atakipiga hicho, kwa sababu ndicho wageni walichokiona.

Nitaulizwa: mbona wapigaji ni wanaume, na wanaona kila kitu? Kweli wanaona. Lakini mpigaji huwa ameinamia sanduku lake, na akitoka pale anatoka na ujira na sahani ya pilau. Akisema aliyoyaona, haitwi tena. Kamera haina cha kupoteza mtaani kwetu.

Nitaulizwa pia kuhusu simu, na hili ndilo swali gumu kuliko yote. Ni kweli wenyewe tunapigana picha. Video za harusi zinazunguka kwenye makundi ya WhatsApp mpaka zinafika kwa watu ambao hata hawakualikwa. Lakini tazameni yanayofuata: mashoga wanaonuniana, mume anayedai maelezo, kadi za mwaliko ambazo siku hizi zinaandikwa kabisa kwamba simu zisitumike. Watu hawajaizoea kamera. Wanatafuta njia ya kuitoa. Kumwambia mwanamke kwamba kwa kuwa shoga yake alimpiga picha kwa siri basi asilalamike mgeni akija na kamera kubwa, hiyo ni hoja ya mtu aliyekuta ukuta umetoboka akaamua kuuvunja.

Sheria ipo, lakini hapa inasaidia kidogo. Kenya ina sheria ya taarifa binafsi tangu 2019, Tanzania tangu 2022, na watengeneza filamu makini huja na fomu za ridhaa. Nani anazitia saini? Mwenye shughuli anaweza kuridhia kwa ua wake, si kwa nyuso za watu 80 wanaoingia na kutoka. Hata UNESCO, ambayo jina lake hutajwa haraka sana na wanaotaka kurekodi, katika mkataba wake wa 2003 kuhusu urithi wa utamaduni inataka mila zinazosimamia nani aone nini ziheshimiwe, na katika kanuni zake za maadili za 2015 ikasema wazi kwamba ni hivyo hata pale ambapo umma utaona kidogo. Kwa hiyo yule bibi na wakubwa wa UNESCO kule Paris wamekubaliana, ila yeye hajui na walalamikaji wetu hawajasoma.

Je, filamu isitengenezwe? Itengenezwe, na mimi niko tayari kuibebea mikoba. Mfuateni anayechonga sanduku. Kaeni na mpiga fidla nyumbani kwake, awaonyeshe wimbo unavyounganishwa na mwenzake bila kusimama, jambo ambalo hata sisi tuliokulia humo hatuwezi kulieleza. Rekodini mazoezi, kwa saa nzima, msikate. Waombeni waimbaji wazee watoe beti za zamani ambazo waliotajwa wameshazikwa na hakuna wa kuumia. Na usiku wa shughuli, kamera ibaki nje ya ukuta. Najua wenye fedha za filamu watauliza wanalipia picha za ukuta kwa nini. Lakini nusu ya Ng'ambo ndivyo ilivyokua na muziki huu, watoto wa kiume na wajomba wamekaa barazani, wanasikia bila kuona, wanabahatisha ubeti umempata nani. Mtazamaji wa Berlin hakosi kitu akikalishwa pale walipokaa wajomba zangu.

Usiku ule tulitoka mapema. Wageni walinawa, wakala, wakaaga, tukaanza kupanga mabegi kwenye gari kichochoroni. Kanga ya mlangoni ilikuwa imeshushwa nyuma yetu. Kwanza kulikuwa kimya, kisha mkwasa ukaanza, peke yake, kasi ambayo hatukuisikia ndani. Ngoma zikaingia. Mwimbaji akatoa ubeti wa mti wa mpaka, na ua mzima ukalipuka kwa vigelegele na vicheko, mtu akapiga kelele "Mtunze! Mtunze huyo!" Fundi sauti, mtu mpole sana, alikuwa bado na visikizi masikioni. Alisimama wima na begi mkononi, akanigeukia, akaniuliza wanaimba nini.

Nilijua wanamwimba nani. Nilimwambia ni wimbo wa harusi.