Kwenye trekta dogo, nunua chuma kabla ya kioo

Anayetafuta trekta dogo leo, la nguvu za farasi 25 hadi 50, anakutana na swali ambalo wazee wetu waliolima na Massey Ferguson 135 hawakuwa nalo: achukue lenye kebini ya vioo na kiyoyozi, au achukue la wazi? Muuzaji atakupeleka kwenye la kebini kwanza, na hoja zake si za kupuuza. Lakini kwa mkulima wa Babati, Kiteto, Kilosa au Mbarali, anayelima shamba lake na kuwalimia majirani kwa bei ya ekari, naona kebini hiyo hailipi. Nasema hivyo kwa kumjali sana anayekaa kwenye kile kiti. Kuna kitu anachostahili kupewa kabla ya vioo, upinde wa chuma wa kumkinga trekta likipinduka, na wengi hawapewi.

Vumbi ni la kweli. Lima Kiteto kabla mvua hazijatulia, upepo ukikupiga kutoka nyuma, na wingu lote la plau linamfunika dereva. Jioni anashuka kope zimejaa udongo na kifua kinakereketa. Kelele nazo ni za kweli, na madhara yake hayaonekani mapema. Kikomo kinachotumika sana katika afya ya kazini ni desibeli 85 kwa saa nane, na kila zinapopanda desibeli 3 muda salama unapungua kwa nusu. Trekta la wazi linalovuta plau kwa nguvu hupita 90 kirahisi. Kwa desibeli 91, fungu la siku nzima limekwisha ndani ya saa mbili, na msimu wa kulima dereva hukaa pale tangu alfajiri hadi giza. Ndiyo maana madereva wetu wa zamani huwezi kuzungumza nao bila kupaza sauti.

Sasa tuone kama kebini inayaponya hayo kwenye mashine ndogo. Inaponya, mradi kila kitu ndani yake kiwe kizima: mipira ya milango, filta ya hewa, feni, kompresa, gesi. Kimoja kikifa, kebini ya vioo chini ya jua la Kilosa inakuwa moto kuliko nje. Dereva atafungua kioo cha nyuma, kesho atafunga mlango kwa kamba ubaki wazi, na mwisho wa msimu milango iko ghalani. Hapo vumbi linaingia na kelele zinaingia, na mwenye trekta amelipia kebini asiyoitumia.

Kiyoyozi chenyewe hakiendi bure. Kompresa yake hula farasi wawili watatu, wakati mwingine zaidi. Kwenye trekta la farasi 100 hutaona tofauti. Kwenye la farasi 30 linalovuta rotaveta, ile mashine ya visu vinavyozunguka kuvuruga udongo, ndani ya tope la mpunga, utaisikia injini ikilalamika. Tena kondensa ya kiyoyozi, ile inayopoza gesi yake, kwenye matrekta mengi madogo huwekwa mbele ya rejeta. Makapi na vumbi vikiiziba, hewa haipiti, na injini nzima inachemka. Fundi wa kijijini anayejua klachi na pampu ya dizeli kwa kupapasa tu, hana mtungi wa gesi wala geji za kuipimia. Itabidi umfuate wa mjini, nawe unaijua foleni ya majirani wanaosubiri kulimiwa kabla mvua haijazidi.

Kuna na uzito. Kebini hupita kilo 200 kwa urahisi, na zote ziko juu. Trekta dogo lenye magurudumu yaliyokaribiana, kwenye miteremko ya Mbulu au Karatu, halihitaji kuongezewa uzito kichwani. Chini ya miembe na michungwa utapambana na matawi, na kioo kimoja kikivunjika utakisubiri kiagizwe.

Halafu yuko mtu ambaye mauzo ya kebini hayamkumbuki kabisa: taniboi, msaidizi wa dereva. Kwenye trekta la wazi hukaa juu ya madigadi, jambo la hatari ambalo tumelizoea kupita kiasi. Ukileta kebini ya kiti kimoja, hatakwenda nyumbani. Atasimama kwenye ngazi au kwenye plau yenyewe. Na wakati wa kupukuchua mahindi, trekta limeegeshwa likizungusha mashine kwa shafti ya PTO, ile inayotoa nguvu ya injini nyuma ya trekta, wanaokula vumbi ni wale wanaolisha mashine. Kebini iko tupu. Ukijumlisha saa za mwaka mzima za trekta la kukodisha, kulima, kuvuta tela, kupukuchua, utaona sehemu inayoguswa na kile kioo ni ndogo.

Kinachoua madereva ni kupinduka. Magurudumu ya nyuma yakikwama kwenye tope, dereva akaachia klachi kwa haraka na mzigo umefungwa juu mno, pua inanyanyuka na trekta linamgeukia. Inachukua chini ya sekunde mbili. Hakuna anayeruka akawahi. Kinachomwokoa ni upinde wa chuma uliofungwa kiwandani nyuma ya kiti, uliojaribiwa kubeba uzito wa trekta, pamoja na mkanda unaombakiza ndani ya nafasi ambayo upinde huo unailinda. Uswidi ililiona hili mapema. Tangu 1959, trekta jipya linaloendeshwa na mwajiriwa lilitakiwa kuwa na kinga ya kupinduka, na vifo vya aina hiyo vilishuka sana. Uingereza ilifuata mwaka 1970 kwa matrekta mapya. Viwanda vikajibu kwa kebini za mabati, na dereva akajikuta ndani ya debe linalopigwa: mwili salama, masikio yanaumia kuliko kwenye trekta la wazi. Ikabidi katikati ya miaka ya 70 iwekwe sheria nyingine, kelele zisizidi desibeli 90 sikioni mwa dereva. Wenzetu walianza na chuma, kioo na utulivu vikaja baadaye. Sisi tunaletewa kioo kwanza, huku matrekta mengi yanayolima vijijini hayana hata upinde.

Hapa nawaomba wenye matrekta wanisikie. Kile kivuli cha bomba za mraba na turubai anachokuchomelea fundi wa mjini ni kivuli tu. Jua kitazuia, na kiweke, dereva anakihitaji. Lakini trekta likipinduka kitajikunja. Na usimruhusu achomelee kivuli hicho kwenye upinde wa kiwandani au autoboe matundu, kwa sababu moto wa kuchomelea na tundu lisilopangwa vinaudhoofisha pale pale utakapohitajika. Mkanda nao uvaliwe kwenye trekta lenye upinde uliosimama. Upinde ukilazwa kupita chini ya miti, mkanda ufunguliwe, na ukitoka shambani usimamishwe tena. Kumfunga dereva kwenye trekta lisilo na kinga ni kumfunga chini ya mzigo.

Kazi moja inanifanya nikubali kebini bila ubishi: kupulizia dawa siku nzima. Wale wa mashamba makubwa ya ngano kule Basotu, Hanang, au Narok upande wa Kenya, wenye matrekta makubwa na mikono mirefu ya kupulizia, wawape madereva wao kebini iliyofungwa vizuri. Ila waulizie filta. Filta ya kawaida ya vumbi haizuii mvuke wa dawa. Inatakiwa yenye kaboni, na kebini yenye shinikizo la hewa linalosukuma nje. Kiwango cha Ulaya cha EN 15695 kinazigawa kebini kwa madaraja manne, na la nne ndilo linalokinga vumbi, matone na mvuke kwa pamoja. Kebini nyingi za trekta dogo hazifiki huko, na dereva anayejiona salama nyuma ya kioo huvua barakoa.

Kwa hiyo ukipewa bei mbili, chukua la wazi lenye upinde na mkanda, kisha sehemu ndogo ya tofauti iingie kwenye kivuli cha maana kilichofungwa bila kuugusa upinde, vifunika masikio, miwani na barakoa zinazobadilishwa. Mlipe dereva kwa namna ambayo haimlazimishi kukimbizana na ekari jua la saa nane. Ukinunua lililotumika kutoka Japani, kagua kama upinde umekuja nalo. Mengine hufunguliwa ili yaenee kwenye kontena, na upinde huachwa huko. Tafuta kibati chake cha kiwandani, shika boliti zake moja moja, uangalie kama kuna kutu kwenye shina. Muuzaji akikwambia huo utafungwa baadaye, mwambie na malipo yatamaliziwa baadaye.