Nabi hakuanzia kwenye ligi ya India

Mwandishi wa makala ninayoijibu anadai Mohammad Nabi, mchezaji kriketi wa Afghanistan, "aliibuliwa" na ligi ya kriketi ya India aliponunuliwa na klabu ya Sunrisers Hyderabad mwaka 2017. Hapo sikubaliani naye hata kidogo. Kabla ya pesa hizo kuonekana, Nabi alikuwa ameshapita hapa kwetu Dar es Salaam. Oktoba 2008 tulikuwa wenyeji wa Daraja la Nne la Ligi ya Dunia ya kriketi, mashindano ya timu za taifa, na Afghanistan ikalibeba kombe kwa kuibwaga Hong Kong kwenye fainali. Nilikuwepo. Jua lilikuwa kali, watazamaji tulihesabika, wengi tumejibanza kwenye kivuli kimoja cha mwarobaini, na kila wiketi ikianguka, yaani mpigaji wa wapinzani akitolewa, wale vijana wa Afghanistan walikimbia kukumbatiana kama vile ni fainali ya Kombe la Dunia. Nabi ni mtu aliyejifunza mchezo ukimbizini Peshawar, Pakistan! Miezi michache tu kabla ya kuja Dar, Afghanistan walikuwa Daraja la Tano kule kisiwani Jersey. Na wenzetu Wakenya hawajasahau Sharjah, Oktoba 2013: Kenya, wana nusu fainali wa Kombe la Dunia la 2003, wapigaji wao walitolewa wote kwa mikimbio 93 tu, na Afghanistan, nahodha akiwa Nabi huyuhuyu, ikakata tiketi yake ya kwanza ya Kombe la Dunia, lile la 2015. India ilimlipa mtu aliyekwisha kuiva. Kinachoniuma ni sisi tuliocheza nao daraja moja, viwanja vyetu wenyewe, kisha tukaachwa nyuma. Kuna mwingine humu aliyewaona 2008?