Inchi 43 za Mshazari

Mimi nilikuwa na televisheni yangu ya chogo, inchi 21, nzito kama gunia la korosho lililolowa. Ikigoma unaipiga kofi mgongoni, inakohoa, inaendelea na kazi. Hatukuwa na ugomvi. Balaa lilianza malipo ya mnada yalipoingia. Mama watoto akachungulia kwa jirani, akarudi na maneno: "Baba Somoe, Chuno nzima wenye chogo tumebaki sisi na yule fundi cherehani." Hela ya korosho nayo unaijua, ikiingia tu inaanza kuulizia mlango wa kutokea.

Nikashuka mjini, nikanunua flati ya inchi 43, Full HD. Boksi likakaa wima kiti kizima cha bajaji, mimi nikaning'inia ubavuni kama konda, na nauli nikalipia watu watatu.

Kabla ya kuwasha nikatoa futi kamba. Mtu aliyewahi kulizwa na kangomba, ule ulanguzi wa korosho kwa vipimo vya ujanja, hapokei mzigo bila kupima. Upana: inchi 37 na nusu. Nikamwita shemeji apime yeye. 37 na nusu. Nimeibiwa inchi tano na nusu mchana kweupe! Nikarudi dukani nahema. Yule kijana wala hakushtuka. Alichukua futi kamba yangu, akaivuta kwenye TV ya maonyesho, kona ya juu kushoto mpaka kona ya chini kulia: 43 kamili.

"Mzee, kioo kinapimwa mshazari. Dunia nzima."

Mshazari! Kwa hiyo na mimi shamba langu la Nanyamba nikalipime mshazari, nitambe kijiweni kwamba nimeongeza ekari? Nikanyamaza, maana futi kamba ilikuwa yangu mwenyewe.

Tukawasha. Mpwa wangu yuko kidato cha tatu, ndiye mkalimani. "Mjomba, inauliza itatumika nyumbani au dukani." Nikafikiri. Mama watoto anakaanga bagia barazani, wateja wanaingia mpaka ndani kuomba maji. Mimi mtu mkweli. Nikasema, dukani.

Kioo kikawaka mpaka kuku waliokwisha kulala wakaanza kushuka mtini. Na kila baada ya muda linapita tangazo, TV inajisifu: ina doti milioni mbili, ina rangi hizi na zile. Nimeilipia, imo sebuleni kwangu, bado inanibembeleza niinunue! Mpwa alihangaika na rimoti mpaka isha ndipo akaishawishi kwamba hapa ni nyumbani.

Tukachomeka king'amuzi kwa zile nyaya tatu, nyekundu, nyeupe na njano. Mtangazaji wa taarifa ya habari akatokea na mashavu kama mgonjwa wa matumbwitumbwi. Mama mkwe akafurahi: "Alhamdulillahi, huyu binti sasa anakula. Kwenye ile ya zamani alikuwa anatia huruma."

Mpwa akafafanua. Picha imekatwa kwa umbo la chogo, nne kwa tatu, kioo ni kumi na sita kwa tisa, kwa hiyo kila mtu amevutwa pembeni kwa theluthi nzima. Sawa, akarekebisha, binti wa watu akakonda tena, mama mkwe akanuna. Lakini ule ukungu? Nimenunua HD nione mpaka jasho la golikipa, naona moshi. Kumbe zile nyaya tatu hazibebi HD, na king'amuzi chenyewe ni cha kale, cha zama zile za kuzima analojia, zoezi lililoanzia Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012. Kinatoa doti laki nne na kidogo. Kioo kinataka milioni mbili. Yaani ni uji wa mtu mmoja umetiwa maji utoshe watano. Dawa yake king'amuzi cha HD na waya wa HDMI, na hela imeshatoka kwa mlango niliousema.

Bado miguu. Flati ina vijiguu viwili, kimoja huku mwisho, kingine kule mwisho. Kabati langu lilichongwa kwa kipimo cha chogo. Mguu mmoja kabatini, mwingine hewani. Mama mkwe naye analia na kitambaa chake cha kudarizi na maua ya plastiki, avitandaze wapi? Juu ya kioo chembamba kama chapati?

Nikaitoa chogo stoo. Nikairudisha kabatini kwake, nikalaza ubao mgongoni, flati ikapanda juu. Kitambaa kikapata pake, maua yakapata pake.

Jumamosi jirani akaja kutazama Simba na Yanga. Akaangalia juu, akaangalia chini, akakaa kimya kama dakika hivi.

"Baba Somoe, hili kubwa la chini ndiyo king'amuzi?"

Nikamwambia ndiyo. Cha HD.