Nyumba Yangu Inapasha Joto Mtaa Mzima

Bili ya umeme ya mwezi uliopita niliisoma mara mbili. Mara ya kwanza na miwani, mara ya pili bila miwani, nikitumaini kwamba macho yakiwa mabovu deni nalo litapungua. Wapi! Nikamwita mama watoto, nikamwuliza kwa ule upole wa mtu anayekaribia kupasuka: "Humu ndani kuna mpangaji nisiyemjua?"

Akaitazama karatasi, akanirudishia. "Ni hita, baba watoto. Na mlango unaouacha wazi."

Mimi! Mimi ambaye maneno yangu ya kwanza kila asubuhi ni "funga mlango". Watoto wangu wakiulizwa siku moja baba yenu aliwausia nini, watasema: funga mlango, joto linatoka. Sina urithi mwingine wa kuwaachia.

Basi nikatangaza vita. Na kama jemadari yeyote asiye na fungu, nikaanza na adui mdogo kuliko wote: chaja za simu. Kila usiku natembea chumba hadi chumba na tochi, nachomoa. Nimechomoa chaja ya mtu simu ikiwa na asilimia 3. Nimechomoa saa ya umeme ya mezani, na tangu siku hiyo inawakawaka saa sita kamili mchana na usiku, hakuna anayejua kuirekebisha. Watoto wakaniita askari wa soketi. Sikujali. Mkombozi hana heshima kwao.

Mwezi wa pili binti yangu, huyu wa chuo, akachukua kalamu. "Baba, chaja isiyo na simu inakula kama sehemu moja ya kumi ya wati. Ukiiacha ukutani mwaka mzima, haimalizi yuniti moja ya umeme. Hita yetu ya kuogea ni ya kilowati 5. Wewe ukioga dakika 10, umetumia karibu hiyo hiyo."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo faida ya kila chaja unayoikeshea mwaka mzima, unaimaliza kwa kuoga mara moja."

Naye hakuhesabu kwamba mimi bafuni naimba, na nyimbo zangu zina beti. Nilikwenda kulala bila kuchomoa kitu.

Balbu nilishabadilisha zamani, hapo hawana la kunisema. Zile za waya zilikuwa hita zenye tabia ya kung'aa: karibu umeme wote unageuka joto, mwanga ni makombo. Taa za LED zimesaidia, nakiri. Nikavimba kichwa, na kichwa changu kikivimba huwa kinanipeleka dukani.

Huko muuzaji akanionyesha hita yenye moto wa bandia. Kuna kioo, nyuma yake ndimi za moto zinacheza, kuni hazipungui, moshi hakuna. "Hii inaokoa umeme, mzee," akasema, na mimi nikapenda sana hilo neno "inaokoa". Nyumbani binti akaigeuza, akasoma kibandiko. Wati 2,000. Ile hita yetu ya zamani iliyoinama upande mmoja? Wati 2,000. Akanieleza kwamba hita ya waya, iwe ya bei ya kutupwa au ya kifahari, ikila yuniti moja inatoa joto la yuniti moja, haizidi wala haipungui. Tofauti ni sura.

"Yaani nimenunua picha ya moto?"

"Picha inayocheza, baba."

Sasa nije kwa jirani, maana hakuna gharama niliyowahi kuingia maishani ambayo haikuanzia ng'ambo ya uzio. Jirani kaweka pampu ya joto. Ni sanduku lenye feni, limekaa nje ubavuni mwa nyumba yake, linanguruma taratibu kama paka aliyeshiba. Yeye anatembea sebuleni na fulana wakati mimi nimevaa koti, soksi mbili na kinyongo. Nikamwita fundi aliyemwekea.

Fundi ni kijana mpole sana, na upole wa fundi ndio wa kuogopa. Akaniambia lile sanduku, ukilipa yuniti moja ya umeme, ndani linakuletea joto la yuniti tatu, hata nne hali ya hewa ikiwa nzuri. Nikamtazama. Nimeshawahi kuahidiwa kwamba moja itarudi tatu, na waliokuwa wakituahidi hatujui walipo mpaka leo.

"Halitengenezi joto, mzee. Linalihamisha. Ni kama friji. Friji inatoa joto ndani ya kabati inalitupa nyuma. Hili linatoa joto nje linakuletea ndani."

"Fundi, nje kuna baridi. Hilo joto anakuwa nalo nani?"

Akacheka kwa adabu. Kumbe hewa ya digrii 5, hata ya chini ya sifuri, bado ina joto, ila sisi tunaliita baridi kwa sababu ya ubinafsi. Ndani ya mabomba kuna gesi ambayo ikiwa majimaji inachemka kwenye baridi hiyo hiyo inayokutetemesha wewe. Kwake yeye kipupwe ni jiko. Ikishachemka, kompresa inaibana, inapata moto, inaingizwa ndani, inaachia joto lake, inarudi nje kuchota jingine. Nilielewa. Nilipenda. Hata nilimwona yule mwanazuoni Kelvin, aliyetoa wazo hilo mwaka 1852, kama ndugu yangu wa damu.

Halafu fundi akanipa karatasi ya makadirio.

Sitataja kiasi, kuna watoto wanasoma. Niseme tu kwamba nilihesabu tarakimu kwa kidole, nikafika mwisho wa kidole. "Inajilipa yenyewe, mzee," akasema. "Baada ya miaka kama kumi na moja hela yako yote imerudi." Miaka kumi na moja! Hela yangu inasafiri miaka kumi na moja, hata salamu haileti, na mimi nikae kituoni nikiisubiri. Ndipo nilipoigundua siri ya kubana matumizi: ni anasa. Ili ulipe kidogo kila mwezi, lazima kwanza ulipe kingi siku moja. Mwenye nacho ananunua pampu, bili yake inashuka. Asiye nacho anabaki na hita ya waya, analipia kila yuniti ya joto kwa yuniti nzima, halafu anaambiwa anaharibu hali ya hewa ya dunia. Mimi dunia nitaiharibia wapi, na koti hili?

Fundi hakuwa amemaliza. Aliomba mshumaa. Nikadhani anataka kutuombea.

Akauwasha, akaanza kuupitisha kando ya kuta, polepole, mimi nyuma yake kama mwana wa mganga. Chini ya mlango wa mbele moto ukalala ubavu. Kwenye fremu ya dirisha ukatikisa kichwa. Kwenye tundu la ufunguo ukanyooka kama mshale. Kwenye soketi ya ukutani, jamani, soketi niliyoichomoa chaja miezi miwili, ukapepea. Tukafika chini ya kile kifuniko cha darini, na hapo haukupepea. Ulizimika. Ukatoa kimoshi chembamba kikapanda moja kwa moja kwenye ufa, kama kinajua njia.

"Mzee," fundi akasema taratibu, "hii nyumba haina kuta. Ina uzio."

Wahenga walisema pakacha likivuja, nafuu kwa mchukuzi. La kwangu linavuja, lakini nafuu haikumfikia mchukuzi, imewafikia kunguru. Bati langu ndilo wanalolikalia mtaa mzima. Nilikuwa nadhani wananipenda.

Akanieleza kitu ambacho muuzaji wa hita hakunieleza, wala jirani, wala karatasi za matangazo. Ukubwa wa pampu unapimwa kwa joto linalopotea nyumbani. Nyumba inayovuja inataka pampu kubwa, na bado itahangaika. Tena boila ya gesi, lile tangi la kuchemshia maji ya kupasha nyumba, inaweza kusukuma maji ya digrii 70 kwenye rejeta, yale mabati ya ukutani yanayopitisha maji ya moto, wakati pampu inajisikia vizuri maji yakiwa digrii 35 au 45, kwa hiyo rejeta ndogo hazitoshi, zinatakiwa kubwa. Ziba kwanza, akasema. Anza juu.

Juu maana yake darini. Nyumba isiyo na kitu darini inaweza kupoteza robo ya joto lake kupitia paa, na dawa yake ni pamba ya kuhami joto, unene wa sentimita 25 hadi 30. Nikanunua marobota. Yalijaza gari, yalijaza sebule, na ukiinua moja ni jepesi kama ahadi. Kumbe kinachofanya kazi si hata hiyo pamba, ni hewa iliyonaswa katikati yake isiyoweza kutembea. Nimelipa hela halali kununua hewa, ilhali shida yangu tangu mwanzo ilikuwa hewa.

Fundi alitaka hela ya kutandaza. Nikasema hapana, kutandaza blanketi mtu mzima nashindwaje? Nikapanda. Giza, vumbi, mbao za dari zimepangwa mbalimbali, na katikati yake hakuna kitu ila ubao laini wa dari. Sheria ni moja tu kule juu: kanyaga mbao. Nilikanyaga mbao vizuri sana kwa muda wa nusu saa. Pamba ikaanza kuniwasha shingoni. Nikajikuna. Mtu akijikuna shingo akiwa ameinama gizani, mguu mmoja huwa unatafuta mahali pengine pa kusimama.

Ulipata. Ulipita.

Nikabaki nimekaa juu ya ubao mmoja, mguu mmoja uko darini na mimi, wa pili uko sebuleni na familia. Chini kimya. Kisha nikasikia sauti ya mama watoto, haina haraka: "Baba watoto, huu mguu ndio wa kuzuia joto?"

Kiatu kilikuwa kimeshadondoka. Mdogo wetu alikichukua, akaanza kunivisha akidhani ni mchezo. Lile tundu lilikuwa kubwa kuliko nyufa zote za nyumba ukiziunganisha. Fundi akaja kuliziba, akatandaza na pamba iliyobaki, na hela niliyookoa nikamlipa mara mbili.

Nyufa za madirisha na milango niliziba mwenyewe, hapo hakuna pa kutumbukia. Raba za kubandika, silikoni, gundi ya karatasi, hata tundu la ufunguo nikaliwekea kitambaa. Nyumba ikawa kama chupa. Siku ya tatu madirisha yakaanza kutoka jasho. Wiki ya pili kukaota kuvu kwenye kona ya chumba cha kulala, kuvu jeusi, lina afya kunishinda. Binti akaniambia watu wakilala, wakioga, wakipika na kuanika nguo ndani, wanaitia hewa lita kadhaa za maji kwa siku, na maji hayo lazima yapate pa kutokea. "Nyumba inatakiwa ipumue, baba." Si ndiyo ilikuwa inapumua? Mwezi mzima nimeikaba koo, leo naambiwa ipumue! Eti kuna kuvuja na kuna kupumua, na tofauti yake ni kwamba kupumua kunakuwa pale unapotaka wewe na kwa kiasi unachotaka wewe. Tukaweka matundu rasmi, yenye vifuniko. Jiko la mkaa nililokuwa naingiza chumbani usiku wa baridi nililitoa siku hiyo hiyo, na hapo sina utani: gesi yake ya sumu haina rangi wala harufu, na ndani ya chumba kilichozibwa haikupi nafasi ya pili.

Bili ikaja. Nikaifungua nimesimama, niko tayari kupongezwa.

Imeshuka kidogo. Kidogo sana, kama mtu aliyeombwa asogee kwenye benchi. Nikaichunguza familia. Zamani tulikuwa tunajazana chumba kimoja, masweta, blanketi mabegani, tunapendana kwa lazima. Sasa kila mtu yuko chumbani kwake, mlango umefungwa (hilo angalau wamelishika), kavaa fulana kama jirani. Binti akasema hili lilishaandikwa: mwaka 1865 Mwingereza mmoja, Jevons, aliona kwamba injini za mvuke zikitumia makaa machache kwa kazi ile ile, watu hawachomi makaa machache, wanaongeza injini. Mzee wa watu alikuwa anaisema nyumba yangu, na haijajengwa bado.

Na thamostati je, kile kidude cha kuwekea digrii za joto! Mama watoto akisikia baridi anaipeleka 30. Nimemweleza kwamba ile si pedeli ya gari, ukiweka 30 nyumba haifiki 20 haraka zaidi, inafika kwa mwendo ule ule halafu inapitiliza. Ananijibu kwamba yeye haharakishi, anaitisha tu.

Jana jioni fundi kapiga simu. Nyumba ikiwa imezibwa hivi, pampu ya kunitosha ni ndogo kuliko ile ya kwanza, na makadirio yameshuka. Nikamwuliza miaka mingapi sasa. Akasema tisa. Nikamwambia nitatafakari, nikatoka nje kutafakari, baridi ikanikaba. Nikasogea kwenye uzio, pale lile sanduku la jirani linaponguruma, nikanyoosha mikono mbele ya feni nijipashe angalau cha bure.

Linapuliza baridi! Hewa kali kuliko ya nje, inanipiga kifuani. Joto lote limeshachujwa liko sebuleni kwake kwenye fulana, mimi naletewa makapi. Nikasimama pale nikipiga hesabu: hewa ile imetoka upande gani wa uzio? Upepo jana ulikuwa unavuma kutoka kwangu kwenda kwake. Kwa hiyo joto lile, kwa haki kabisa, ni la nani? Nilikuwa nimeshafika kwenye aya ya pili ya madai nitakayomwandikia pale niliposikia sauti kutoka ndani ya nyumba yangu, watoto na mama yao kwa pamoja:

"Baba! Mlango!"