Mkono hauwezi kupima futi-pauni 65

Land Rover aliyoniachia marehemu baba, Series III ya mwaka 1974, iliunguza gasketi ya hedi mara mbili ndani ya miezi minne. Hiyo ni bamba jembamba la kuziba kati ya hedi, yaani kifuniko cha juu cha injini, na bloku, mwili wake. Fundi alikuwa yuleyule, na mara zote mbili nilimwona akikaza bolti za hedi kwa spana iliyochomekwa bomba, akivuta mpaka mishipa ya shingo inasimama. Mara ya pili oili ilitoka nyeupe kama maziwa, maji yameshaingia ndani yake. Niliumia sana, maana gari lile ndilo lililotusomesha.

Tumezoea kumsifu fundi mwenye mkono mzito. Mimi sikubali. Kwa injini ile ya petroli ya lita 2.25, kitabu kinataka bolti kubwa, za nusu inchi, zikazwe futi-pauni 65 (kipimo cha nguvu ya kukaza), karibu Nm 88. Hakuna mkono unaotofautisha 65 na 85, hasa jioni mtu akishachoka. Halafu kinachozuia moto na maji ni bolti zote kubana sawasawa. Ukizidisha upande mmoja, gasketi inapondeka huku, na kule inabaki legelege.

Mara ya tatu nilisimama mwenyewe, pamoja na kijana fundi wa mtaani kwetu na spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, ya kuazima. Nusu siku nzima tulisafisha tu. Sijutii hata dakika moja, kwa sababu nguvu nyingi unayotia kwenye spana inaliwa na msuguano, chini ya kichwa cha bolti na kwenye nyuzi zake. Inayobaki kuibana hedi ni kama sehemu moja ya kumi. Nyuzi zikiwa na kutu, spana itakuonyesha 65 na bolti bado haijabana. Tundu lisilotokea upande wa pili likibaki na maji au oili ni balaa zaidi: bolti inayasukuma, hayana pa kwenda, na bloku inaweza kupasuka. Kila tundu tulilipuliza kwa kompresa.

Tulianza bolti za katikati tukazunguka kuelekea nje: 25 kwanza, tukarudia kwa 45, mwisho 65. Kijana alitaka kuruka mzunguko wa kati. "Kaka, si zote zitafika 65?" Zitafika, lakini hedi inatakiwa ishuke kwa pamoja. (Injini nyingi za siku hizi zina bolti za kuvutika, zinazomaliziwa kwa kuzungushwa digrii maalumu, usizichanganye na hizi.) Baada ya hapo tukapima nafasi ya valvu, mwanya mdogo kati ya valvu na kinachoisukuma, milimita 0.25.

Jumapili iliyopita, ikiwa imeshatembea kilomita 800, tuliiacha ipoe usiku kucha, tukafungua kila bolti kidogo, moja moja kwa mpangilio uleule, na kuirudisha kwenye 65. Karibu zote zilisogea mbele ya pale zilipokuwa. Gasketi ilikuwa imelala, yaani imebanwa na kupungua unene kidogo. Tukapima valvu upya.