Kompaila Anachagua pa Kuwa Mkali

Jamani, mimi na kompaila wa lugha ya C, yule anayegeuza msimbo wangu kuwa programu, tuna kesi. Nikisahau nukta mkato moja tu, ananimwagia makosa skrini nzima, mengine ya mistari ambayo hata sijaigusa. Nikikosea aina ya data ndani ya faili moja, ananikaripia kama mama mkwe aliyekuta sufuria halijasuguliwa. Haya, nikanyenyekea.

Sasa programu moja ikiita nyingine, kila moja imekompailiwa kivyake, huyo mkali yuko wapi? Kimya! Inayoita inatoa anwani ya kumbukumbu, inayoitwa inapokea anwani. Kilichomo, shauri yenu. Tena mwaka 1989 sanifu ya ANSI, shirika la viwango la Marekani, ikakihalalisha kielekezi cha void, ambacho kazi yake ni kuelekeza mahali bila kusema pana nini.

Mwenye COBOL, lugha ya zamani ya programu za biashara, asinicheke. CALL yake, amri ya kuita programu nyingine, nayo kwa kawaida hupeleka anwani tu. Huku mtu kaweka 12345 kama herufi, baiti 5. Kule kwenye programu inayoitwa, LINKAGE SECTION, sehemu inayoeleza data inayopokelewa, inasema COMP-3, yaani tarakimu mbili kila baiti na alama ya chanya au hasi mwishoni, baiti 3 basi. Inasoma 3 za kwanza bila hata hodi. Kwenye mainframe, ile kompyuta kubwa ya IBM, inaanguka na S0C7, kosa la data isiyo namba halali, usiku wa manane simu inalia, na hiyo ndiyo afadhali! Hofu yangu ni isiyoanguka. Kwenye mashine inayoandika herufi kwa msimbo wa ASCII baiti hizo ni 31 32 33 kwa heksadesimali, na zinaweza kusomeka 31323, ile 3 ya mwisho ikichukuliwa kama alama. Namba nzuri kabisa, imevaa na tai, inaingia kwenye ripoti na bosi anaisifia.

Wajuzi wanasema peleka mzigo na lebo: aina yake na urefu wake. Sawa, na lebo anaiandika nani? Si yule yule aliyekosea kufunga mzigo? Hata printf, ile ya C ya kuchapisha, ina lebo. Andika %d, yaani namba kamili, halafu uipe double, namba ya desimali, uone kama kuna mtu atakudhamini.

Basi nikauliza wenzetu wa programu ya pili wanataka aina gani. Jamaa akajibu bila wasiwasi, "Wewe tuma tu, tutaona." Mtaona nini, ndugu yangu, na baiti zote zinafanana?